Si Kila Kidonda cha Kukatwa: Fahamu Pioderma Gangrenosamu

Kidonda cha mguu kisichopona kwa kawaida hushukiwa kuwa cha kisukari, cha mzunguko mbaya wa damu au cha viini. Mara nyingi shaka hiyo huwa sahihi. Hata hivyo, kuna kidonda nadra kisicholetwa na viini, ambacho kinaweza kuchimbika zaidi kikikatwa au kukwanguliwa. Huitwa pioderma gangrenosamu.

Wanaoweza kukipata ni pamoja na wagonjwa wa vaskulitisi, yaani uvimbe wa kuta za mishipa ya damu, baridi yabisi, uvimbe sugu wa utumbo na baadhi ya magonjwa ya damu.

Husababishwa na nini?

Jina hilo lilitolewa mwaka wa 1930 na madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliodhani ni viini vinavyoozesha nyama. Leo inajulikana kuwa ni kinga ya mwili inayoshambulia ngozi yenyewe. Kwa hivyo ugonjwa huu hauambukizwi, wala si wa kurogwa.

Dalili zake

Huanza kama kipele au alama ya kuumwa na mdudu, hasa kwenye muundi. Baada ya siku chache hupasuka na kuwa kidonda kinachopanuka haraka, chenye maumivu makali na kingo za rangi ya zambarau. Wakati mwingine huanzia mahali palipojeruhiwa au kufanyiwa upasuaji.

Daktari hutambuaje?

Hakuna kipimo kimoja cha kuthibitisha. Daktari huchukua kipande kidogo cha ngozi kutoka ukingoni ili kuondoa uwezekano wa viini, kifua kikuu cha ngozi na saratani. Vaskulitisi yenyewe pia huleta vidonda, na inaweza kudhuru figo na mapafu. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa mkojo na damu, na mara nyingine kupigwa picha ya kifua.

Matibabu

Lengo ni kutuliza kinga ya mwili. Kidonda kidogo kinaweza kutibiwa kwa krimu kali ya steroidi. Kikubwa huhitaji vidonge vya prednisoloni au dawa ya siklosporini. Utafiti wa wagonjwa 121 nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka wa 2015, ulionyesha kuwa dawa hizo mbili hazikupishana: karibu nusu ya wagonjwa katika kila kundi walipona ndani ya miezi sita. Subira, basi, inahitajika. Mwenye vaskulitisi kali anaweza kuongezewa dawa kama rituksimabu.

Kwa kuwa dawa hizi hupunguza kinga, mgonjwa hupimwa kwanza kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B. Sukari na shinikizo la damu hufuatiliwa.

Mambo ya kuzingatia

• Safisha kidonda taratibu kwa maji safi ya chumvi ya hospitali na ukifunike kwa bendeji isiyonata.
• Usipake dawa za kienyeji, asidi ya betri wala unga wa vidonge.
• Usiache prednisoloni ghafla. Dozi hupunguzwa polepole na daktari.
• Mjulishe daktari kuhusu ugonjwa huu kabla ya upasuaji wowote.

Ukiwa na kidonda kinachopanuka kwa siku chache, au kinachozidi kila kinapokwanguliwa, fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe na uombe rufaa kwa daktari wa ngozi. Ukiwa na vaskulitisi, sema hivyo mapema. Taarifa hiyo moja inaweza kuuokoa mguu wako.