Pikipiki Ikiongezwa Vyuma, Nani Atalipia Mguu Uliovunjika?

MSOMAJI, huenda wewe ni mmoja wa wakazi wa Nairobi, Nakuru au Kisumu ambao wamenunua pikipiki na kumwachia ndugu au kijana wa jirani kule nyumbani Kericho au Bomet, ili aifanyie kazi ya bodaboda na kukutumia hesabu kila jioni. Hesabu ikifika kwa simu, unaridhika. Lakini je, mara ya mwisho kuiona pikipiki hiyo kwa macho yako ilikuwa lini?

Yawezekana kwamba ukiiona leo hutaitambua. Katika maeneo yanayokuzwa majani chai, pikipiki haikai muda mrefu na umbo iliyotoka nalo dukani. Asubuhi inabeba magunia ya majani mabichi hadi kituo cha kununulia chai, mchana inabeba mitungi ya maziwa, jioni inabeba watu. Barabara nyingi za ndani ni za udongo, milima ni mikali, na mvua hunyesha karibu kila alasiri.

Kwa hiyo mwenye kuiendesha humwendea fundi. Keria ya nyuma huondolewa, na badala yake huchomelewa nyingine ndefu ya vyuma vizito. Springi za nyuma huongezwa ziwe nne. Mbele hufungwa gadi ya chuma inayotokeza pande zote mbili, kiti hurefushwa, na taa kali huwekwa juu ya usukani.

Wengine hawaishii hapo. Hubadilisha sproketi, yaani lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Sproketi ya nyuma ikiwa kubwa zaidi, pikipiki hupata nguvu ya kupanda mlima lakini hupungukiwa na mbio. Ikiwa ndogo, mbio huongezeka. Wapo wanaotia silinda na pistoni kubwa kuliko zile za kiwandani, na wapo wanaotoboa sailensa ili pikipiki ingurume kama ya mashindano. (Huyu wa mwisho sijui humfaidi nani, labda wasichana wa sokoni, nao husema inawaumiza masikio.)

Mabadiliko haya yanakuhusu kwa njia mbili: kwa upande wa mwili na kwa upande wa bima. Tuanze na mwili, maana ndio unaotangulia kufika hospitalini.

BREKI NI ZILE ZILE

Fundi anapoongeza springi na keria, pikipiki huweza kubeba mzigo ambao haikuundiwa. Breki, hata hivyo, hubaki zile zile. Mwendo nao una hesabu yake: ukiuzidisha mara mbili, umbali ambao pikipiki husafiri baada ya kukanyagiwa breki huongezeka karibu mara nne. Weka hapo barabara yenye utelezi, mteremko na magunia mawili ya chai mbichi yaliyolowa mvua, kisha ufikirie mtoto anayevuka kwenda shule.

Kiungo kinachoumia mara nyingi katika ajali za pikipiki ni mguu, hasa mfupa wa muundi. Upande wa mbele wa mfupa huu umefunikwa na ngozi tu, bila nyama. Unapovunjika ni rahisi kutoboa ngozi na kutoka nje, na tope la barabarani likaingia ndani. Kidonda cha aina hiyo kinahitaji kusafishwa katika chumba cha upasuaji, na dawa za kuua viini zitolewe mapema iwezekanavyo. Mgonjwa akicheleweshwa nyumbani ili apakwe dawa za kienyeji, usaha huweza kuingia mfupani na kukaa humo kwa miaka.

Mara nyingi mfupa hulazimika kushikiliwa na chuma. Hospitali ya Tenwek karibu na mji wa Bomet, iliyoanzishwa na wamishonari mwaka wa 1937, ni miongoni mwa zile zinazotumia chuma cha SIGN, ambacho hutengenezwa Marekani na kutolewa kama msaada kwa hospitali za nchi zisizo na uwezo mkubwa. Chuma hicho huingizwa katikati ya mfupa bila daktari kuhitaji mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Lakini hata chuma kikiwa cha msaada, kuna kitanda, dawa, wahudumu na miezi kadhaa ya kukaa bila kazi.

Yako pia majeraha madogo ambayo watu wameyazoea. Sailensa ikiondolewa kifuniko chake cha kuzuia joto, huchoma ndama ya mguu wa abiria anaposhuka. Ukiungua hivyo, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala mafuta ya kupikia.

BIMA INASEMAJE?

Sasa tuje kwenye gharama. Sheria ya Kenya inayohusu bima ya magari, Sura ya 405, inamlazimisha kila mwenye pikipiki kuwa na bima ya mtu wa tatu, ile ambayo wengi huiita 'thadi pati'. Bima hii hulipia kifo au majeraha ya mtu mwingine aliyeumizwa na pikipiki yako.

Watu wengi husema kwamba pikipiki ikishabadilishwa, bima imekufa. Kwa mtu aliyegongwa barabarani, hilo si kweli. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo kinasema kwamba kampuni haiwezi kumnyima fidia mtu huyo kwa kisingizio cha hali ya pikipiki, nguvu za injini, vifaa vilivyofungwa juu yake, uzito wa mzigo au idadi ya watu waliobebwa. Ukiisoma orodha hiyo utadhani mwandishi wake alikuwa amesimama kwenye steji ya Litein akitazama bodaboda zikipita.

Bali hapo hapo sheria inaongeza jambo ambalo maajenti wengi hawalitaji. Kampuni ikilipa kwa sababu tu sheria imeilazimisha, ilhali mkataba ulikuwa umekataza mabadiliko hayo, ina haki ya kumgeukia mwenye bima na kumdai fedha zote ilizotoa. Mwenye bima ni nani? Ni wewe uliyeko mjini, ambaye jina lako limo katika hati. Mguu umevunjika Mogogosiek, na barua ya wakili inakufikia Umoja au Pipeline.

Kuna kikomo pia. Sheria haiilazimishi kampuni kulipa zaidi ya Sh3 milioni kwa dai la mtu mmoja. Mahakama ikiamua zaidi ya hapo, salio ni mzigo wako.

Tena tofautisha kubadilisha pikipiki baada ya kukata bima na kuficha mabadiliko wakati wa kuikata. Ukijaza fomu kwamba pikipiki ni ya injini ya 100 kumbe imeshatiwa silinda ya 150, umeficha jambo muhimu. Kampuni inaweza kwenda mahakamani kuomba mkataba utangazwe kuwa batili, mradi ifungue kesi hiyo kabla au ndani ya miezi mitatu baada ya majeruhi kushtaki. Ikishinda, mtoto aliyegongwa anabaki kukudai wewe peke yako.

Na kama umekata bima kamili inayolipia hata pikipiki yenyewe, usitarajie ulinzi wa kifungu cha 16. Kifungu hicho kinalinda watu walioumizwa, si mabati yako. Pikipiki iliyobadilishwa bila kampuni kujua ikiharibika au ikiibwa, kampuni ina nguvu ya kukataa dai lako.

ABIRIA NA MWENDESHAJI

Badiliko lililo hatari kuliko yote, kwa maoni yangu, halifanywi na fundi. Ni kubadilisha matumizi. Wamiliki wengi hukata bima ya pikipiki ya binafsi kwa kuwa ni nafuu, kisha pikipiki inaingia steji kubeba watu kwa nauli. Sheria inalazimisha abiria kulindwa pale tu wanapobebwa kwa malipo au kwa mkataba wa kazi, na bima ya binafsi haikuandikwa kwa ajili ya kazi hiyo. Orodha ya kifungu cha 16 haikutaja matumizi ya namna hii, kwa hiyo kampuni ina nafasi kubwa ya kubisha. Mama aliyekuwa akitoka sokoni na nyonga yake ikavunjika anaweza kukosa hata senti ya bima.

Mwendesha pikipiki mwenyewe je? Bima ya mtu wa tatu haimlipi kitu, pikipiki iwe imebadilishwa au iko kama ilivyotoka kiwandani. Kama ameanguka peke yake kwenye tope, hana wa kumshtaki. Linalomfaa ni bima ya ajali za kibinafsi, na usajili katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo hazina yake ilichukua mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Asiyekuwa na mshahara hukadiriwa kiwango cha asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yake, kisichopungua Sh300 kwa mwezi. Kabla ya kumuuliza kijana wako kuhusu hesabu ya leo, muulize kama malipo hayo yamefanywa.

Muulize vilevile kuhusu helmeti, yake na ya abiria. Uchunguzi uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi za nchi mbalimbali mwaka wa 2008 ulionyesha kuwa helmeti hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Sheria ya trafiki inaitaka, na inaruhusu abiria mmoja tu.

Mwambie kijana apige picha za pikipiki pande zote na akutumie leo. Kilichoongezwa, kiandikie kampuni ya bima barua na udai jibu la maandishi. Injini au rangi ikiwa imebadilishwa, NTSA nao wanapaswa kuarifiwa ili rekodi za usajili zilingane na pikipiki. Keria inayotokeza kuliko usukani na sailensa isiyo na kifuniko, zirudishwe kwa fundi zikatwe au zifunikwe.

Ajali ikitokea, aliyevunjika mguu asivutwe wala kupakiwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, mguu ufungwe kwenye ubao kama ulivyo, na gari litafutwe. Abstrakti ya polisi ichukuliwe mapema na risiti zote za hospitali ziwekwe, kwa maana majeruhi ana miaka mitatu tu ya kufungua kesi ya kudai fidia.

Na ajenti wako akija kukuuzia cheti kipya, muulize: abiria wa pikipiki hii, ikiwa na keria hii na injini hii, amelipiwa? Akisema ndiyo, mpe kalamu aandike.