Wakazi wa Maji Yachemkayo

Dumu lilikuwa la manjano, la lita tano, limezibwa kwa kipande cha mfuko badala ya kifuniko, nalo liliwekwa sebuleni kama mgeni wa heshima. Tulikuwa Masimba, kule juu katika milima ya Kisii, nyumbani kwa binti wa Mombasa aliyeolewa na mfanyabiashara wa huko, na baridi ya asubuhi ilikuwa imetushikisha vikombe vya chai kwa mikono miwili. Mwanawe wa miaka minne alikuwa amejikuna viwiko na magoti hata ngozi ikachubuka. Bibi jirani, Mgusii mwenye huruma nyingi, ndiye aliyeleta lile dumu. Maji yake yalitekwa katika chemchemi za moto za Homa Hills, karibu na Ziwa Viktoria, naye alikuwa na yakini isiyotikisika.

"Maji haya, mama, yalitoka ardhini yakitokota. Hakuna mdudu awezaye kuishi humo. Mwogeshe mtoto siku saba, na mengine umnyweshe."

Alipokwisha kutoka, mwenyeji wetu alitugeukia. "Dada zangu, nyinyi ndio wasomaji. Mwasemaje?"

Hatukuwa na la kusema. Tulimwomba asilifungue dumu mpaka tupate jibu, naye akakubali, ingawa macho yake yalionyesha kwamba usiku wa kuamka na mtoto anayelia kwa mwasho hauna subira ya wasomaji. Haya basi ndiyo tuliyoyapata, na tunawaletea nanyi kwa kuwa hatudhani dumu lile ni la pekee katika nyumba zetu.

Kauli ya bibi kwamba hakuna kiumbe kiwezacho kuishi katika maji yatokotayo si ya kuchekwa. Wataalamu wenyewe waliishikilia kwa muda mrefu, na ndiyo sababu sisi sote huchemsha maji ya kunywa. Lakini katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Marekani, Thomas Brock, alizichunguza chemchemi za moto za Yellowstone, akakuta bakteria wanaostawi katika joto la nyuzi 70 na zaidi. Mmoja wao, aliyetangazwa mwaka 1969 kwa jina la Thermus aquaticus, alikuja kutufaa sote bila kujua kwetu: kimeng'enya chake kisichoharibiwa na joto ndicho kilichowezesha kipimo cha PCR kuenea, kile kile kilichotumika kupima Korona kwa kijiti cha puani. Mwaka 1986 wataalamu wa Ujerumani walieleza kiumbe kingine kutoka ufuo wa kisiwa cha Vulcano, Italia, ambako maji ya moto hububujika kwenye kina kifupi cha bahari. Huyo, Pyrococcus furiosus, hupendelea nyuzi 100 kamili, na katika joto hilo hujigawa kuwa wawili kila baada ya dakika 37 hivi. Joto la juu kabisa ambalo kiumbe ameonekana akizaana ndani yake ni nyuzi 122.

Hatuna haja ya kwenda Italia, hata hivyo. Jambo hili liko kwetu Afrika Mashariki, tena chini ya maji matamu.

Mwezi wa Aprili 1987, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, watafiti waligundua matundu yanayotoa maji ya moto kutoka sakafu ya ziwa. Yako mahali pawili: Rasi ya Banza, na mahali paitwapo Pemba. (Hii si Pemba ya karafuu, nasi tulilisoma jina hilo mara mbili.) Mwaka 1991, kati ya Agosti na Oktoba, wapiga mbizi kumi wa msafara wa kimataifa uliopewa jina la Tanganydro walishuka kuyatazama kwa macho yao. Waliyakuta matundu hayo mpaka kina cha mita 46, yamejipanga kwenye nyufa za Bonde la Ufa, na vipimo vyao vikasoma kuanzia nyuzi 53 hadi 103. Mama yeyote mwenye sufuria ya presha anajua ni vipi maji yanaweza kupita nyuzi 100 yasigeuke mvuke: uzito unaoyakandamiza ndio unaoyazuia, na humo ziwani uzito huo ni ziwa lenyewe.

Huko Rasi ya Banza matundu yamejijengea mabomba ya mawe, mengine ya kimo cha sentimita moja tu, mengine ya sentimita 70, kama dohani za jiko. Mawe hayo ni ya aragonaiti, madini yale yale ambayo matumbawe ya pwani yetu hujengea mifupa yao. Maji yake yana chumvi ya kawaida kwa wingi, na watafiti waliyafananisha na maji ya chumvi ya Uvinza, ng'ambo ya pili ya ziwa. Ya Pemba ni ya magadi, ndugu wa maji ya moto ya Magadi na Bogoria hapa Kenya. Maziwa yako mbalimbali, lakini moto ulio chini yake ni wa bonde moja: maji hupenya katika nyufa, hushuka, hupashwa joto na miamba, huyeyusha madini, kisha hupanda tena yakiwa yamebeba mzigo.

Mzigo huo ndio chakula. Katika matope ya matundu ya Tanganyika watafiti walikuta bakteria wapendao joto ambao hawavuti oksijeni kama sisi. Wao huitumia salfeti, chumvi yenye salfa, na wanachotoa ni gesi yenye harufu ya yai viza. Sisi watu wa pwani tunaijua kazi hiyo vizuri zaidi kuliko tunavyodhani. Aliyewahi kuingia mikokoni maji yametoka, akatia mguu katika tope jeusi, amekutana na jamaa zao. Ile harufu inayotufanya tuzibe pua ni pumzi ya bakteria wa aina hiyo, isipokuwa wa mikokoni huishi katika tope la kawaida. Kisha wako bakteria wengine wanaoipokea gesi hiyo inapokutana na oksijeni, wakaitolea nguvu ya kujitengenezea chakula pasipo jua lolote. Ni jikoni kwa jirani: anachotupa huyu, yule hupikia.

Na hapa ndipo kina kifupi kinapokuwa na ajabu yake. Mwaka 1977, matundu ya bahari kuu yalipoonekana mara ya kwanza karibu na visiwa vya Galapagos, yalikuwa kwenye giza totoro, zaidi ya kilomita mbili chini. Matundu ya maji mafupi hufikiwa na mwanga. Kwa hiyo mahali pamoja pana majiko mawili: wapo wanaoishi kwa gesi itokayo ardhini, na hatua chache kando yao mwani unaoishi kwa jua. Kutoka matundu ya Tanganyika alipatikana pia bakteria anayekua kwa kasi kubwa mno katika joto, naye ana uwezo wa kujifunga ndani ya ganda gumu, mithili ya mbegu, akangoja hali impendezayo irudi. Tafadhali mkumbukeni huyu, kwa sababu tutamrudia.

Bogoria, katika kaunti ya Baringo, twapataja kwa sababu mbili. Ziwa hilo limepanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na baadhi ya chemchemi za Loburu ambazo wageni walikuwa wakizitazama zikiruka juu nchi kavu zimefunikwa na maji. Yaliyokuwa chemchemi yamekuwa matundu ya chini ya ziwa mbele ya macho yetu. Sababu ya pili iko kwenye beseni la nguo. Maji ya maziwa hayo ya magadi ni makali kama maji ya sabuni, na kimeng'enya cha bakteria aliyezoea kuishi humo hakiharibiki ndani ya sabuni ya unga. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilidai kwamba vijiumbe kutoka maziwa ya Bonde la Ufa vilichukuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 pasipo kibali chake, vikaishia katika viwanda vya ng'ambo vya sabuni na vya kupaushia nguo za jinzi, na Kenya haikupata kitu. Ubishi ulikuwa mkali kuhusu nani alitoa kibali gani. Mwaka 2007 shirika hilo lilitia saini mkataba wa ushirikiano na kampuni ya Denmark, Novozymes. Sisi twaona ni vyema mama anayefua ajue kwamba povu hilo lina nasaba, na pengine nasaba hiyo inapita Baringo.

Turudi Masimba. Tulimwambia mwenyeji wetu, kwa adabu kwa kuwa bibi alikuwepo, mambo matatu. Kwanza, maji ya moto yana wakazi wake, lakini hao sio wa kuogopwa sana: aliyezoea nyuzi 70 huona mwili wa mtoto kuwa ni baridi mno asiweze kustawi ndani yake. Wa kuogopwa ni wanaoingia baadaye, maji yakishapoa, kutoka kwenye mikono, kwenye mfuko, kwenye dumu lililowahi kubeba kitu kingine. Nao hupenda sana ngozi iliyochubuka. Na kuyachemsha upya hakumalizi kila kitu, maana wale wenye ganda hustahimili jiko. Pili, maji ya moto hukausha ngozi, na mtoto wa namna hiyo huzidi kujikuna. La tatu ndilo tulilolisisitiza: asinywe. Maji mengi ya moto ya Bonde la Ufa yana floraidi kupita kiasi, na mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanaumbika ndani ya ufizi huweza kuyapata yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka maisha yake yote.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia: wale wapiga mbizi, je, hawakuungua?

Tulicheka pamoja. Siku ya pili mtoto alipelekwa zahanati, akaambiwa ana ukurutu, na vidonda vya viwikoni vilikuwa vimekwisha kuanza kutunga usaha. Alipewa dawa ya kunywa na mafuta ya kupaka. Wiki iliyopita mama yake alitupigia simu: amelala usiku kucha, siku nne mfululizo. Dumu bado liko mlangoni. Bibi alilichukua kidogo, akachovya magoti yake, akalirudisha.