Karafuu Bila Karafuu, Boga Bila Boga

Nina rafiki Mpemba, mtoto wa mashamba ya mikarafuu. Pombe haonji, lakini pua anayo. Siku moja nilimwomba aninusie glasi mbili tu, aniambie anachonusa. Ya kwanza ilikuwa bia ya ngano ya Kijerumani, ile yenye ukungu wanayoiita hefeweizen. Akainama, akanusa, akarudia.

“Yakhe, hawa wametia karafuu,” akasema. “Na ndizi mbivu.”

Hawakutia. Mle chupani mlikuwa na maji, kimea cha ngano na cha shayiri, hamira, na hopsi, yaani yale maua yanayoipa bia uchungu. Karafuu na ndizi ni kazi ya hamira. Ganda la nafaka lina asidi ya feruliki, na hamira ya bia ya ngano huigeuza kuwa kemikali iliyo ndugu wa karibu wa yujenoli, mafuta yanayoipa karafuu harufu yake. Hamira hiyohiyo hutoa pia asetati ya isoamili, ambayo ndiyo unayoinusa kwenye ndizi iliyoanza madoa meusi. Mpishi anaweza kuvichezea viwili hivi. Akiloweka kimea kwanza kwenye maji ya nyuzi 45 hivi, karafuu hupanda. Akiacha pipa lichachuke kwenye joto zaidi, ndizi hutawala.

Glasi ya pili ilikuwa bia ya boga kutoka Marekani. Akanusa, akacheka. “Hii sasa ndiyo karafuu yenyewe. Ile ya mwanzo ilikuwa na moshimoshi.”

Na boga je? Akanusa tena. “Boga gani?”

Swali zuri. Zamani za ukoloni Wamarekani walitia boga kwenye bia kwa sababu ya dhiki tu: kimea kilikuwa adimu, na sukari ya boga ikaziba pengo. Desturi hiyo ikafa. Katikati ya miaka ya 1980 Bill Owens, mwenye baa ya kupika bia yake iitwayo Buffalo Bill's mjini Hayward, California, aliifufua. Alipika boga pamoja na kimea, akaonja matokeo, boga halikusikika hata kidogo. Ndipo alipotafuta viungo ambavyo watu wa kwao hutia kwenye pai ya boga: aina ya mdalasini, kungumanga, tangawizi, karafuu. Bia za boga zilizofuata nyingi zimepita njia hiyo. Aliyewahi kula boga la nazi hatashangaa. Boga ni pole. Linalovuma mdomoni ni tui na iliki.

Kwa hiyo mimi sikati alama kwa sababu boga halisikiki. Swali langu ni kama chini ya viungo bado kuna bia. Masala mengi huficha nyama iliyolala, na mdalasini huficha bia iliyochoka. Bia iliyoingiliwa na hewa hunuka boksi lililolowa. Iliyotolewa pipani mapema hunuka tufaha bichi, au siagi kama bisi za sinema. Iliyopigwa na jua kwenye chupa ya kijani hunuka, kwa pua yetu, kicheche. Haya yote utayakuta ukiwa mvumilivu. Mimina kiasi cha vidole vitatu kwenye glasi safi, nusa kabla ya kuonja, andika kabla jirani yako hajasema neno, kisha iache glasi mezani dakika kumi.

Dakika kumi hizo ndizo muhimu. Baridi kali hufunga harufu na kuutia ulimi ganzi. Pale baa mhudumu anapouliza “ya moto au ya baridi?”, wale wazee wanaojibu “ya moto” huchekwa na vijana, lakini kwa kazi ya kuonja wao wako karibu na haki kuliko mwenye chupa inayotoa jasho. Bia ya viungo ikipata joto kidogo, sukari na viungo huachana, na utajua kama kimea kipo au ulikuwa unakunywa chai ya masala yenye povu.

Majaji wa mashindano mengi hutumia karatasi ya alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, namna inavyokaa mdomoni 5, na hisia ya jumla 10. Angalia rangi ilivyopewa alama chache. Bia nyekundu ya kupendeza picha haibebi mengi kwenye hesabu hiyo. Na bia ya karafuu iweke mwisho wa meza. Yujenoli hutia ganzi, ndiyo maana bibi zetu huweka punje ya karafuu kwenye jino bovu. Ukianza nayo, bia tatu zinazofuata utazionea bure.

Bia za matunda ndizo zinazoonewa zaidi. Mtu anasoma “cheri” au “embe” kwenye lebo, anategemea juisi, anapata uchachu, anaandika kwamba imeharibika. Hamira hula sukari. Ng'oa sukari kwenye embe, ubaki na nini? Asidi na harufu. Kriek ya Ubelgiji, kama ile ya Cantillon mjini Brussels, hukaa na cheri nzima kwenye pipa kwa miezi, na inatoka kavu, chachu, yenye chembe ya lozi inayotoka kwenye kokwa. Ikiwa kriek ni tamu kama sharubati, mara nyingi imetiwa utamu baadaye, na hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Neno “msimu” nalo limebadilika maana. Mwaka 1553 Bavaria ilipiga marufuku kupika bia kuanzia 23 Aprili hadi 29 Septemba, kwa kuwa joto la kiangazi liliichachisha vibaya. Wakapika ya Machi, yenye nguvu kidogo, wakaihifadhi kwenye mahandaki ya baridi, ndiyo Märzen. Huo ulikuwa msimu wa hali ya hewa. Siku hizi msimu ni wa muuza duka. Bia ya boga hupangwa rafuni Agosti, boga likiwa bado shambani, na kilichomo mara nyingi ni boga la kopo. Bia pekee ya msimu ninayoingojea kwa hamu ni ile ya hopsi mbichi, zilizochumwa asubuhi na kuingia sufuriani kabla siku haijageuka. Hiyo huwezi kuipika Machi kule Yakima, kwenye mashamba ya hopsi ya Marekani, hata ukitaka.

Sisi tunayo mbege. Wachagga huchemsha ndizi mbivu kwa saa nyingi, huziacha zichachuke kwa siku kadhaa, huzichuja, kisha huchanganya na uji wa kimea cha ulezi, na gamba la msesewe hutoa uchungu ambao Mjerumani huupata kwenye hopsi. Haina lebo, na kesho kutwa si ile ya leo. Nilipopewa kata yangu kilabuni, nje kidogo ya Moshi, niliinusa kama kawaida ya kazi. Ulezi ulikuja kwanza, halafu uchachu, halafu ukakasi wa gamba. Ile harufu nyepesi ya ndizi iliyomshangaza Mpemba kwenye glasi ya Mjerumani haivumilii kuchemshwa. Hupaa na mvuke. Ningempa kata ile anuse, nadhani angeniuliza: “Ndizi gani?”