KIBABA KINACHOJUA HABA

Sote tangu shule ya msingi tumeimba kwamba haba na haba hujaza kibaba. Tumeiandika methali hiyo katika insha mpaka wino ukakauka. Lakini je, umewahi kujiuliza: na kama haba yenyewe ni haba kwelikweli, kibaba nacho ni kikubwa, na mgonjwa yuko kitandani anangoja? Hapo methali inakwama. Katika makala hii ninataka kukueleza habari za kibaba cha namna nyingine, chenye kiwambo cha mpira, kinachopanuka na kunywea kulingana na kilichomo. Kazi yake ni kuzungusha damu. Tafadhali usifungue ukurasa mwingine ukidhani hili ni somo la Fizikia. Ni habari ya jamaa yangu.

Likizo ya Desemba iliyopita mama yangu mdogo alianguka jikoni kwetu Nyalenda. Kumbe mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija badala ya kwenye kizazi, na mrija ukapasuka. Damu ilimwagikia tumboni, ndani kwa ndani. Tulipomfikisha hospitali tukaambiwa damu ya aina yake ni chache na tutafute watu. Shule zilikuwa zimefungwa, na sisi wanafunzi wa sekondari ni kati ya wachangiaji wakubwa wa damu nchini. Tukienda likizo, majokofu ya damu nayo huenda likizo. Nilikunja mkono wa shati nikamwambia muuguzi, "Nitoe mimi." Akaniuliza, "Una miaka mingapi?" Nikajibu kumi na mitano. Akatabasamu kwa huruma. "Rudi mwakani, mwanangu. Ni miaka 16 na kilo 50." Waliomwokoa mama mdogo ni wahudumu watatu wa bodaboda wa steji yetu. Damu yao ilitolewa, ikapimwa, na usiku ule ule akaongezewa. Yu hai hadi leo.

Siku aliporuhusiwa kwenda nyumbani nilimuuliza fundi wa maabara swali lililokuwa likinikereketa rohoni. "Daktari, ile damu iliyotoka tumboni mwake mliifanyia nini?" Akasema, "Ilimwagwa." Nikashangaa. Ati tunahangaika mji mzima kutafuta damu, na damu yake mwenyewe inamwagwa? Akaketi akanieleza kwamba iko mashine ya kuiosha na kumrudishia mgonjwa damu yake. Lakini hata hospitali zilizo nayo, akasema, mara nyingine humwaga, kwa sababu damu iliyookolewa haikutosha kujaza chombo. Hapo ndipo nilipoanza kufikiria kibaba.

Kwanza tuelewe kwa nini damu izungushwe. Damu ni mchanganyiko wa chembe nyekundu na maji yake ya manjano yaitwayo plazima. Mililita moja ya chembe nyekundu ina uzito wa gramu 1.10 hivi, na ya plazima gramu 1.03 hivi. Tofauti ni ndogo. Ukitia damu kwenye chupa pamoja na dawa ya kuizuia isigande, chembe zitashuka chini, lakini polepole kama mzee anayepanda ngazi. Sentrifuji, yaani mashine ya kuzungusha, hufanya chembe zijione zina uzito mara nyingi zaidi, zikakimbilia upande wa nje. Wewe mwenyewe umelionja jambo hili matatu inapokata kona kwa kasi ukajikuta umembana jirani dirishani.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua 4, zidisha kwa 10 (hiyo ni pai mara pai, kwa kukadiria), zidisha kwa mizunguko ya sekunde moja mara yenyewe, kisha zidisha kwa umbali kutoka kwenye mhimili kwa mita. Sentrifuji ya maabara inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huzunguka mara 50 kwa sekunde. Ikiwa umbali ni sentimita 10, yaani mita 0.1, tunapata 4 × 10 × 2,500 × 0.1, ambayo ni 10,000. Mvutano wa dunia ni 10. Kwa hiyo chembe inavutwa mara 1,000 kuliko kawaida!

Sasa tuje kwenye chombo. Katika vituo vya damu, wachangiaji hutoa mililita 450 hivi ndani ya mfuko laini wa plastiki. Mfuko huo ulibuniwa na daktari Mmarekani, Carl Walter, na mwenzake William Murphy, kwenye mwaka 1950. Kabla ya hapo damu ilihifadhiwa kwenye chupa za kioo. Mfuko huwekwa ndani ya ndoo ngumu ya sentrifuji ukazungushwa. Mashine ikisimama, mfuko hutolewa taratibu ukabanwa kati ya mabamba mawili yenye springi. Plazima, ambayo iko juu, hupanda mrijani na kuingia mfuko wa pili. Chembe nyekundu hubaki. Tazama vizuri hapo: mfuko umenywea kadiri plazima ilivyotoka. Hakuna hewa iliyoingia na hakuna kilichovurugika.

Mashine ya kuosha damu ya mgonjwa wakati wa upasuaji ni tofauti. Nyingi hutumia bakuli gumu la plastiki lenye umbo la kengele, lililobuniwa na Allen Latham, ambaye mwaka 1971 alianzisha kampuni ya Haemonetics huko Massachusetts, Marekani. Damu huingia kwa mrija wa katikati huku bakuli likizunguka. Chembe nyekundu hujipanga ukutani, plazima husukumwa nje kupitia juu. Chembe zikishajaa, hupitishwa maji ya chumvi kuziosha, maana damu iliyomwagika huwa na chembe zilizopasuka na uchafu unaoweza kudhuru figo. Bakuli hili limeokoa watu wengi duniani. Tatizo lake ni moja: halijui haba. Lazima lijae chembe nyekundu ndipo lioshe vizuri.

Tufanye hesabu. Bakuli la kawaida ni la mililita 225. Tuseme likijaa, asilimia 55 ya kilichomo ni chembe nyekundu. Hizo ni kama mililita 124. Damu iliyofyonzwa tumboni huwa imechanganyika na maji ya kusafishia, basi tuseme asilimia 15 tu ndiyo chembe. Ili upate mililita 124 za chembe unahitaji mililita 825 za mchanganyiko huo. Ukiwa nazo 200 tu, una mililita 30 za chembe, na bakuli linakutazama likiwa karibu tupu. Yako mabakuli madogo ya mililita 125, lakini ni nani atakayejua mapema mgonjwa atavuja kiasi gani? Ingekuwa chumba chenyewe kinanywea, zile chembe 30 zingekaa katika nafasi ya mililita 55 zikajaa sawasawa.

Mwalimu wetu wa Fizikia aliposikia haya alisema, "Maneno matupu hayazungushi gurudumu. Tengeneza." Basi nilimwendea fundi wa baiskeli pale karibu na Ring Road, ambaye nilizoea kumpita nikija shule hapa Milimani. Akanipa baiskeli kuukuu aina ya blaki mamba isiyo na tairi la nyuma. Tukaigeuza miguu juu kichwa chini. Gia ya mbele ilikuwa na meno 48 na ya nyuma 18. Ukizungusha pedali kwa mkono mara 90 kwa dakika, gurudumu linazunguka mara 240, yaani mara 4 kwa sekunde. Vyombo vyangu nilivifunga kwenye spoku, sentimita 25 kutoka kwenye mhimili. Piga ile hesabu: 4 × 10 × 16 × 0.25 ni 160, yaani mara 16 ya mvutano wa dunia. Kazi ya dakika 48 naifanya kwa dakika 3. Badala ya damu nilitumia maji ya ziwa yenye matope kutoka Dunga, maana damu si kitu cha kuchezea.

Jaribio la kwanza nilitumia vichupa viwili vigumu vilivyojaa nusu, kimoja kila upande ili gurudumu lisiyumbe. Liliyumba tu. Tope lilikwenda nje kama nilivyotaka, lakini gurudumu liliposimama maji yalirukaruka ndani ya ile nafasi ya hewa na kulivuruga upya. Hewa ndiye adui.

Jaribio la pili nilikata vichupa, nikawamba kipande cha tyubu mdomoni kama ngozi ya ngoma, na kuvijaza bila hewa. Nikavifunga mpira ukiwa upande wa nje. Loo! Mpira ulivimba kama tumbo la kambare. Kwa nini? Kwa sababu upande wa nje ndiko maji yanakosukuma kwa nguvu zaidi. Gurudumu lilipopunguza mwendo mpira ulirudi mahali pake na kulirusha tope lote katikati. Kichupa kimoja kilifunguka kabisa, na shati jeupe la mwenzangu aliyezungusha pedali likawa ramani ya Ziwa Victoria.

Jaribio la tatu nilivigeuza. Ukuta mgumu ukakaa nje, mpira ukakaa ndani, upande wa mhimili, ambako msukumo ni mdogo. Katikati ya mpira nilipitisha kimrija cha kalamu ya biro nikakiziba kwa kifuniko. Tulizungusha dakika 3. Niligundua pia kwamba lazima kichupa kisimame kikiwa chini, maana kile cha juu tope lake humwagika kurudi. Nilikizibua kimrija, nikaubonyeza mpira kwa kidole gumba polepole. Yalitoka kwanza maji meupe kuliko yalivyoingia. Tope zito lilibaki nyuma. Hayakuwa meupe kama ya bombani, kwa kuwa udongo mwembamba sana hauridhiki na mara 16. Lakini nilipotia maji kidogo, robo tu ya chombo, mpira ulibonyea ndani kuyafuata na jambo likawa lile lile. Kibaba kilikuwa kimeijua haba!

Haya si mambo niliyoyavumbua mimi. Katika miaka ya 1990 wahandisi wa kampuni ya Transfusion Technologies, huko huko Massachusetts, walitengeneza rota ya aina hii, na mwaka 2000 kampuni hiyo ikanunuliwa na Haemonetics. Rota yao ilikuwa kama sahani ngumu iliyowambwa kiwambo cha mpira. Mashine hufyonza hewa nyuma ya kiwambo, kiwambo kikavutika, nafasi ikapatikana, damu ikaingia kwa mrija wa katikati. Inapozunguka, chembe hukimbilia ukingoni na plazima hubaki karibu na mrija. Kisha hewa husukumwa nyuma ya kiwambo, chumba kikanywea, plazima ikatoka kwanza huku rota ingali inazunguka. Baadaye huingia maji ya chumvi, huzungushwa, hutolewa. Mwishowe kiwambo husukuma chembe safi hadi mfukoni. Ni sawa na ule mfuko wa kituo cha damu kubanwa kati ya mabamba, ila huku unabanwa bila kusimama. Mashine hiyo ilitumiwa hasa kwa waliopasuliwa mifupa, ambao damu yao huvuja kidogo kidogo kwa saa nyingi. Haba na haba!

Kwa nini rota yao haikuyumba kama gurudumu langu? Kwa sababu chumba chao kilizunguka mhimili pande zote, kwa hiyo damu ilijipanga kama pete. Vichupa vyangu vilikuwa pembeni. Mwaka huu nataka kutengeneza cha mviringo, kwa kifuniko cha sufuria na tyubu ya gari.

Sitaki kukudanganya, msomaji, kwamba kesho gurudumu la baiskeli litaingia chumba cha upasuaji. Kiwambo cha damu lazima kiwe laini, kisafi kabisa, kisichochanika, na kitumike kwa mgonjwa mmoja tu kisha kitupwe. Hapo ndipo gharama ilipo. Pale mrija uliosimama unapokutana na chombo kinachozunguka pia pana kazi ngumu, kwani pakivuja au pakiingiza vijidudu, ni hatari. Ila nimejifunza kwamba chombo kizuri si kile kinachomtaka mgonjwa akijaze. Ni kile kinachojipima kwa mgonjwa.

Mpaka siku hiyo ifike, chombo tulicho nacho ni mikono yetu. Mwezi wa tano nilifikisha miaka 16, na mizani inasema kilo 51. Timu ya damu ilipokuja shuleni muhula wa pili, nilikuwa wa nne kwenye foleni. Wenzangu waliogopa sindano, mimi nilikuwa nautazama ule mfuko. Ulianza ukiwa bapa kama bahasha, ukajaa polepole, bila hewa, ukichukua umbo la kile nilichoupa. Nikamkumbuka mama mdogo na wale wahudumu watatu wa bodaboda.

Basi ndugu zangu wa kidato cha tatu na cha nne mliotimiza umri na uzito, kabla hatujafunga shule kwa likizo ya Desemba, twendeni tukatoe. Haba yako moja ni mililita 450, na yuko mtu ambaye kibaba chake ni hicho tu.