UPEPO WA BAHARI KUBWA: WANAUJUA NAMNA GANI MBELE HAUJAFIKA?



Likizo kubwa iliyopita tulikuwa wanafunzi tisa katika boti moja juu ya ziwa Tanganyika, tukirudi kwetu. Boti ilijaa mifuko ya mihogo na ya ndagala. Asubuhi maji yalikuwa bapa sawa meza. Karibu saa sita upepo wa kusi ukasimama, mawimbi yakaanza kuingia ndani. Tulitoa maji kwa mabeseni, na mifuko mingi ikatupwa. Tulifika wote wazima, lakini mama mmoja alipoteza mali yake yote. Alikaa kwenye mchanga, hakusema neno. Mimi nikamuuliza nahodha: "Baba, haukujua kama upepo utakuja?" Akanijibu: "Mtoto, upepo ni upepo. Nani anaweza kuujua?"

Jibu lile lilinikaa rohoni. Juu kuko watu wanaoujua. Si kwa uchawi, ni kwa kazi. Ndiyo sababu leo nataka kuwaeleza namna wanavyofanya katika bahari ya Hindi. Msiseme ni mambo ya mbali: karatasi, mafuta ya motokari na nguo za balo tunazovaa, mengi yanapita juu ya bahari ile mpaka Mombasa ao Dar es Salaam mbele ya kufika kwetu.

Kwanza, pepo za kila mwaka. Watu wa pwani wanazijua tangu zamani. Kaskazi inavuma karibu na mwezi wa 12 mpaka wa 3. Kusi inavuma karibu na mwezi wa 5 mpaka wa 9. Wenye majahazi walingojea kaskazi kwa kutoka Arabuni, na kusi kwa kurudia. Ile nayo ilikuwa namna ya kujua mbele.

Pili, kimbunga, ile tunaita kwa Kifaransa siklone. Kimbunga kinakula joto la maji. Inaomba maji ya bahari yapite degre 26, na si juu-juu tu, hata chini metre makumi. Maji yanageuka mvuke, mvuke unapanda, kule juu unageuka mvua na kuacha joto lake. Hewa ya chini inakuwa nyepesi, na hewa ya pembeni inakimbilia pale. Lakini haifiki moja kwa moja, kwa sababu dunia inazunguka na kuipindisha. Katika nusu ya kusini ya dunia, kimbunga kinazunguka sawa mishale ya saa. Karibu na ekweta nguvu ile ya kupindisha ni kidogo sana. Ndiyo sababu vimbunga havizaliwi pale kwa desturi, na njo sababu sisi wa Kongo hatuvioni. Hata pwani yetu ya Muanda, kwenye bahari ya Atlantiki, haina desturi ya vimbunga.

Sasa mfano. Tarehe 6 mwezi wa 2 mwaka 2023, watu wa meteo wa Australia walipatia kimbunga kimoja jina la Freddy. Kilivuka bahari ya Hindi yote, kilometa zaidi ya 8000. Tarehe 21 kilipiga Madagascar, tarehe 24 kikapiga Msumbiji. Wengi wangefikiri kimekufa. Hapana: kilirudia baharini katikati ya Msumbiji na Madagascar, kikakula tena joto la maji, na tarehe 11 mwezi wa 3 kikapiga Msumbiji mara ya pili, karibu na Quelimane. Kisha mvua yake ikaanguka juu ya Malawi siku nyingi. Huko Blantyre milima iliporomoka juu ya nyumba za watu. Ukihesabu waliokufa na wale hawakuonekana tena, katika Malawi peke yake wanapita 1000. Shirika la Hali ya Hewa la Dunia lilihakikisha kama Freddy iliishi siku 36, na hakuna kimbunga kingine kinachojulikana kilichoishi vile. Muangalie vizuri: Malawi haina bahari, sawa vile sisi huku hatuna.

Wanavijua namna gani? Kuko satelite zinazopiga picha za mawingu mchana na usiku. Kuko maboya yanayoelea na kupima joto na uzito wa hewa. Kuko pia meli zenyewe: maofisa wao wanaandika upepo, mawimbi na barometre, na kutuma habari. Hesabu zote zinaingia katika ordinateri kubwa. Kwa upande wa kusini-magharibi wa bahari ya Hindi, kituo kikubwa cha kulinda vimbunga kiko kisiwa cha Réunion. Majina yanatolewa na Madagascar ao na Maurice, kufuatana na mahali zoruba ilipo.

Tangazo la meli liko na mafungu matatu. Fungu la kwanza ni maonyo: hatari inasemwa mbele ya yote. La pili ni hali ya hewa kwa jumla. La tatu ni yale yatakayokuja, eneo kwa eneo: upepo, mawimbi, mvua, na umbali ambao macho yanaweza kuona. Saa ni ya UTC. Wakisema saa 12 UTC, kwetu mashariki ya Kongo ni saa nane ya mchana. Upepo unapimwa kwa mafundo: fundo moja ni metre 1852 kwa saa. Ukifika mafundo 34, zoruba inapata jina. Ukifika 64, ni kusema kilometa karibu 118 kwa saa, ni kimbunga kabisa.

Tena neno moja la kushika: wakiandika "mawimbi metre 3", si kusema hakuna wimbi linalopita 3. Wanachukua theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi na kutafuta katikati yake. Wimbi moja moja linaweza kufika karibu mara mbili. Nahodha asiyejua ile anajidanganya.

Je, wanakosea? Ndiyo, wanakosea. Tangazo la kesho ni la kuaminiwa kuliko la siku tano, na mvua ya mahali padogo ni ngumu kuisema mbele. Kwa hiyo nahodha mwenye akili anasoma tangazo jipya kila siku, na akiona barometre inashuka mbio, hangojei karatasi.

Sasa turudie kwenye ziwa letu. Nahodha wetu si mtu mubaya. Alitoa maji pamoja nasi mpaka mikono ikatoka damu. Lakini kusi ya likizo kubwa inajulikana na kila mvuvi, na siku ile hakuna aliyeuliza, hata mimi. Ndugu zangu, mwisho wa mwaka wengi wetu tutapanda tena boti. Mbele ya kutia mguu ndani, tuulize maneno matatu: Upepo wa jana na wa leo asubuhi ulikuwa namna gani? Wavuvi waliotoka usiku wamerudi, na wanasema nini? Mizigo ni mingi kiasi gani? Jibu likiwa baya, tulale pwani usiku mmoja. Mzazi atakasirika kwa kuchelewa, lakini atakuona.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho