"Mimi Hapa": Kuwepo kwa Moyo na Afya ya Familia



Mpenzi msomaji, leo naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka ya 1990, nikiwa muuguzi kijana, bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa miezi kumi, mtoto akikohoa. Foleni ilikuwa ndefu. Nilihesabu pumzi za mtoto huku nikijibizana na mwenzangu juu ya zamu ya usiku. Nikaandika 38 kwenye kadi, nikamwambia bibi amrudishe mtoto nyumbani na kumpa vinywaji vya kutosha. Bibi hakuinuka. Akasema kwa upole, "Mwanangu, huyu mtoto hujamtazama."

Muuguzi aliyenizidi umri alimfunua mtoto kifua, akahesabu dakika nzima bila kusema neno. Pumzi zilikuwa 58. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 mwenye kikohozi, akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika, huhesabiwa kuwa na dalili ya nimonia. Tunamshukuru Mungu, dawa zilimwahi na akapona.

Macho yangu yalikuwa pale, na saa ilikuwa mkononi, lakini mimi mwenyewe sikuwepo. Hiyo ndiyo mada yetu mwezi huu: moyo kuwepo pale mwili ulipo. Na walimu wetu watakuwa Wayahudi, ambao wamelifundisha jambo hili kwa karne nyingi. Papa Yohane Paulo II, alipotembelea sinagogi la Roma tarehe 13 Aprili 1986, aliwataja kuwa ni kama kaka zetu wakubwa. Si vibaya mdogo kujifunza kwa kaka yake.

Neno moja la Kiebrania

Katika Biblia, Mungu anapomwita Abrahamu, Musa na kijana Samweli, jibu lao ni neno moja la Kiebrania, "hineni". Maana yake ni "mimi hapa". Mungu hakuwa anauliza wako mahali gani, maana alijua. Hilo ni jibu la mtu aliyeacha mengine yote ili asikilize. Musa alikuwa akichunga mifugo, kama vijana wetu wa Handeni wanavyofanya. Aligeuka kando kukitazama kile kichaka kilichowaka, ndipo akaitwa. Kama angepita na mawazo yake, asingesikia kitu.

Sasa tutazame mafundisho matatu, na faida yake kwa afya.

1. Tulia kabla ya kuanza

Misna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilika karibu na mwaka 200 baada ya Kristu, inaeleza kwamba wachamungu wa kale walikaa saa nzima wakituliza mioyo kabla ya kuanza kusali. Nia hiyo ya moyo huitwa "kavana". Sala bila kavana ni midomo tu.

Ndugu msomaji, wao walitoa saa nzima, nami sikuweza kumpa mtoto yule dakika moja!

Muuguzi anaweza kukueleza kwa nini kutulia kunasaidia. Mtu mwenye wasiwasi moyo wake hudunda mbio, misuli hukaza na pumzi huwa fupi. Ukipumua polepole na kutoa pumzi taratibu, moyo nao hupunguza mwendo. Jaribu hivi: kaa, vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka nne, itoe ukihesabu mpaka sita. Endelea kwa dakika tano. Ukisikia kizunguzungu, acha, upumue kama kawaida. Fanya hivyo kabla ya kupima dawa ya mtoto, kabla ya kuwasha pikipiki, au kabla ya kumjibu mwenzako kwa hasira.

2. Shukuru kwa ajili ya mwili

Hili huenda likakushangaza. Myahudi mwenye kushika dini, akitoka chooni na kunawa mikono, husali sala fupi. Humshukuru Mungu aliyemuumba binadamu mwenye njia na matundu mwilini, akikiri kwamba moja likiziba au likipasuka asingeweza kuishi. Talmudi inamtaja rabi Abaye wa Babeli kuhusu sala hiyo.

Mimi niliyewahudumia wazee walioziba mkojo naielewa vizuri sala hiyo. Figo zako mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, kisha hurudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja au mbili tu za mkojo. Nani kati yetu hushukuru?

Mwenye kushukuru hutazama, na anayetazama huona mapema. Watoto wetu huoga kwenye mito na malambo, ambako huweza kupata kichocho. Mtoto akikojoa damu, si dalili ya kukua wala si aibu. Mlete zahanati, kichocho kina dawa. Choo cheusi kama lami huweza kuwa dalili ya damu kuvuja tumboni. Naye mwenye kukojoa mara nyingi na kuwa na kiu isiyokwisha apimwe kisukari.

3. Acha kazi zipumzike

Sabato ya Wayahudi huanza Ijumaa jua linapozama, na huisha Jumamosi usiku nyota zinapoonekana. Chakula hupikwa mapema, mishumaa huwashwa, na biashara husimama. Ni siku ya kuwepo na Mungu na watu wa nyumbani.

Usidhani ni mambo ya Ulaya tu. Karibu na Mbale, nchini Uganda, wapo Waafrika wakulima waitwao Abayudaya. Jamii yao ilianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, aliyekuwa jemadari. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao miaka ya 1970, baadhi yao waliendelea kusali kwa siri. Mwaka 2008 mwana wa jamii hiyo, Gershom Sizomu, alipewa daraja la urabi. Watu hao wana mashamba na shida kama sisi, lakini waliilinda siku yao ya mapumziko hata kwa hatari.

Sisi tunayo Dominika. Lakini mama wa Handeni au Korogwe akitoka Misa, anachota maji, anapasua kuni, anapika, anafua. Nani anapumzika hapo? Nashauri Jumamosi jioni watoto wote, wa kiume na wa kike, wajaze ndoo na kupasua kuni. Baba naye asaidie. Dominika wakati wa kula, simu ziwekwe kando, na kila mmoja asikilizwe.

Tena sheria ya Kiyahudi inasema kuokoa uhai kunaitangulia Sabato. Basi mgonjwa mahututi hasubiri siku iishe.

Tahadhari

Kuwepo kwa moyo hakuchukui nafasi ya dawa. Ukipimwa zaidi ya mara moja na shinikizo la damu likawa 140/90 au zaidi, fuata matibabu, na usiache vidonge kwa sababu unajisikia vizuri. Aliyekosa usingizi na furaha kwa wiki mbili, au anayewaza kujiua, asiambiwe "sali tu". Msindikize kituo cha afya, na kama anawaza kujiua, msimwache peke yake.

Leo usiku

Mtoto wako akiwa amelala, mfunue kifua, shika saa, hesabu pumzi zake dakika nzima. Usiongee na mtu. Mwenye mwaka 1 hadi 5 asifikishe 40. Ukimjua akiwa mzima, utamtambua akiugua. Kama ana kikohozi na pumzi ni nyingi, au kifua kinabonyea kwa ndani anapovuta pumzi, usingoje kupambazuke.

Yule bibi hakuwa na saa wala cheti. Alikuwa amemtazama mjukuu wake.

Mungu awabariki. Tuonane mwezi ujao.