Kutopendelea na Kutoegemea: Majina ya Kanuni katika Mafunzo ya Watoa Misaada

Kanuni zinazoongoza kazi ya kuwasaidia watu waliofikwa na maafa ya vita zilitungwa katika lugha za Ulaya. Mkutano wa kimataifa wa Msalaba Mwekundu uliofanyika Vienna mwaka 1965 ulitangaza saba, na nne miongoni mwa hizo, yaani ubinadamu, kutopendelea, kutoegemea upande na uhuru wa kutenda, zimekubaliwa hata na mashirika mengine kuwa msingi wa kazi yao. Zinapofundishwa kwa Kiswahili, hazina budi kupewa majina ya Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuyachunguza majina hayo. Dai letu ni kwamba jina la kanuni hufundisha kabla mwalimu hajafungua kinywa, na kwamba baadhi ya majina tuliyo nayo hufundisha nusu ya jambo na kuiacha nusu nyingine.

Tutachukua mfano wa Bonde la Ufa baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini, na zaidi ya 350,000 waliohama makwao. Viwanja vya maonyesho ya kilimo vya Nakuru na Eldoret viligeuka kambi. Mnamo Mei 2008, miezi michache baada ya mapatano ya tarehe 28 Februari, serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Hapo ndipo kanuni zilipoanza kupimwa kwa kweli. Moto unapowaka, mtoa msaada hutakiwa kuokoa. Ukishazimika, hutakiwa kugawa, na kugawa kati ya majirani waliochomeana nyumba ni kazi ya namna nyingine kabisa. Isitoshe, mtu wa kujitolea mwenyewe aghalabu ni mzaliwa wa papo hapo. Jina lake la ukoo lamtangaza ni wa upande gani, naye ana shangazi na wajomba katika foleni ile ile. Damu, husemwa, ni nzito kuliko maji.

Na tuanze na kutopendelea. Kitenzi penda kimenyambuliwa katika kauli ya kutendea mara mbili, kikawa pendelea, yaani kumpa mmoja mapenzi au manufaa wasiyopewa wenziwe. Kisha kikatiwa kiambishi -to- cha ukanushi. Kwa hiyo neno zima ni katazo. Anayelisikia huambiwa jambo la kuacha, haambiwi la kutenda. Lakini kanuni yenyewe, kama ilivyotangazwa Vienna, haikuishia katika kukataza ubaguzi: inaagiza pia kwamba dhiki ya mtu ndiyo iwe kipimo pekee cha msaada, na mwenye dhiki kubwa atangulie. Jean Pictet, mwanasheria wa Uswisi, katika ufafanuzi wake wa mwaka 1979 alitenga mambo matatu ndani ya kanuni hii moja: kutowabagua watu, kusaidia kwa kadiri ya mahitaji, na mtoaji mwenyewe kutoongozwa na mapenzi wala chuki. Neno letu lalenga hasa lile la tatu na kugusa la kwanza. La pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo moyo wa kanuni, halimo.

Matokeo yake si ya nadharia tu. Tuseme mabati yameletwa kijijini. Yuko mjane aliyeteketezewa nyumba, na yuko jirani yake aliyevunjiwa mlango. Mtu wa kujitolea aliyefundishwa kutopendelea, naye akaelewa neno kwa maana yake ya kila siku, atampa kila mmoja mabati matano. Amegawa sawasawa, wala hapana atakayemshtaki kwa upendeleo. Hata hivyo kanuni ameivunja. Usawa umechukua mahali pa haki. Tena usawa huo una mvuto wa pekee mahali penye uhasama, maana humwepusha mgawaji na lawama. Serikali yenyewe mwaka 2008 ilipambanua viwango: shilingi 10,000 kwa kaya iliyorejea ili ianze maisha, na 25,000 kwa iliyobomolewa nyumba. Upambanuzi huo wapatana na kanuni. Yaliyozua manung'uniko ni mambo mengine, hasa kwamba waliohifadhiwa na jamaa zao mijini, bila kuandikishwa kambini, wengi walisema hawakufikiwa. Kambi ikawa kipimo badala ya dhiki. Twapendekeza basi kwamba jina liongezewe kitenzi cha kutenda, mathalan kutopendelea na kumtanguliza mwenye dhiki zaidi. Ni refu, tunakiri, lakini urefu wake una faida.

Kutoegemea upande ni jina bora kidogo, kwa sababu lina picha ndani yake. Aegemeaye ukuta huanguka nao. Mwalimu akiitumia picha hiyo anaweza kueleza yale ambayo jina halisemi, kwamba kanuni hii ina shabaha: kuaminiwa na pande zote ili njia ya kumfikia kila mwenye shida isifungwe. Baadhi hupendelea kutofungamana, neno tulilolizoea tangu nchi zisizofungamana na upande wowote zilipokutana Belgrade mwaka 1961; lakini hilo lanuka siasa za mataifa.

Hatari kubwa zaidi katika kanuni hii haimo katika jina lake, bali katika msamiati unaotumiwa kazini. Watoa misaada wamezoea kuwaita wanaowapokea wahamaji jamii ya wenyeji. Neno hilo laonekana halina hila. Hata hivyo mwenyeji huzaa mgeni, na katika Bonde la Ufa swali la nani mwenyeji na nani mgeni ndilo lililokuwa kiini cha ugomvi wa ardhi. Asemaye kwamba waliorejea Burnt Forest watapokewa na wenyeji amekwisha kutoa hukumu, ingawa hakukusudia. Mkimbizi nalo lina kasoro iyo hiyo: sikioni mwa wengi ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi, na aliyehamishwa shambani mwake hapendi kufanywa mgeni nchini mwake. Kila mtu hutambua ubaya wa madoadoa, ambalo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililitia katika orodha ya maneno ya chuki mwaka 2022. Maneno ya upole ndiyo yapitayo bila kukaguliwa. Majirani, au waliohama na waliobaki, yangefaa zaidi.

Kuhusu kanuni ya uhuru tutasema machache. Neno hilo limejaa siasa, na wakati ule lilikuwa pia jina la mwanasiasa mashuhuri. Kujitegemea nako kumetwaliwa na Azimio la Arusha la 1967 kwa maana ya uchumi. Ndiyo sababu tumeandika uhuru wa kutenda.

Limebaki suala la lugha ya kusemea. Katika foleni ya chakula Kiswahili ndicho lugha isiyoegemea upande, na mtu wa kujitolea anayemnong'oneza mmoja kwa lugha ya mama huwafanya wengine wote washuku kwamba kuna mpango wa siri. Kwa hiyo mafunzo yafaa yaagize Kiswahili hadharani. Lakini bibi kizee aliyefiwa na mwanawe, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, hawezi kueleza msiba wake kwa lugha hiyo, na kumlazimisha ni kuukosea ubinadamu. Basi kanuni mbili zagongana katika kinywa cha mtu mmoja. Pictet aliuhesabu ubinadamu kuwa kanuni ya asili, na kutoegemea kuwa kanuni iliyotokana nao. Kwa mpangilio huo bibi huyo asikilizwe kwa lugha yake, faraghani, na aliyemsikiliza arudi foleni akitumia Kiswahili. Zoezi la namna hiyo, la kuigiza foleni na nyumba ya matanga kwa zamu, bado twalihitaji lisanifiwe na watu wa idara zetu za lugha.